Ganzi Iliyobaki Mkononi mwa Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ni fundi wa kushona hapa Bukavu, na kibanda chake kiko kwenye mteremko unaoshuka kutoka soko la Kadutu. Mwezi wa Juni 2023 aliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapa kwa sababu ya saratani, na mimi, ambaye kazi yangu ni uuguzi wa anestezi, ndiye niliyemchoma sindano ya ganzi mgongoni kabla hajalazwa usingizi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba niwe mimi na si mtu mwingine. Ilimchukua mwaka mmoja na miezi miwili kuniambia jambo alilokuwa amelibeba tangu wiki ya tatu baada ya upasuaji. Aliniambia Jumapili moja alasiri, tukiwa tumekaa uani tunachambua majani ya sombe, mkono wake wa kulia ukiwa umeegemea mto mdogo aliojishonea kwa mabaki ya vitenge. "Mwanangu," alisema bila kuniangalia, "ile ganzi yako haijatoka."

Sikumwelewa mara moja. Dawa niliyomchoma inaitwa bupivakaini, na nguvu yake huisha baada ya nusu siku au, ikikawia sana, siku nzima. Haiwezi kukaa mwilini mwaka mzima. Lakini nilipomwomba anieleze, nilitambua kwamba hakuwa amekosea katika kufikiri, bali mimi ndiye niliyemkosesha kwa maneno yangu. Jioni ya kuamkia upasuaji nilikuwa nimemwambia hivi: "Nitakupa ganzi ya mgongoni, na kifua pamoja na kwapa vitakufa ganzi, hutasikia maumivu." Katika lugha yetu neno hilo moja ndilo jina la dawa anayochomwa mtu anayeng'olewa jino, na ndilo jina la hali ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Baada ya wiki mbili alipogusa upande wa ndani wa mkono wake na kukuta umekufa kama gogo, alihitimisha jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelihitimisha: kwamba ganzi niliyompa ilikuwa imegoma kutoka. Na kwa kuwa ganzi hiyo ilikuwa ya mtoto wa dada yake, aliamua kunyamaza. "Ningelisema kule hospitali," aliniambia, "wangekufukuza kazi."

Nimeandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo.

Nilienda ndani nikachukua pamba, njiti ya kiberiti na kalamu ya wino. Nilimwomba afumbe macho, nikaanza kumgusa kwa pamba kuanzia kwenye kiwiko, nikipanda taratibu upande wa ndani wa mkono, naye aniambie mahali mguso unapobadilika. Kila alipotamka neno niliweka nukta. Kisha nikaunganisha nukta hizo. Mchoro uliotokea ulikuwa na umbo la jani refu, lenye ncha chini karibu na kiwiko na upana mkubwa juu karibu na kwapa. Ndani ya jani hilo nilipombonyeza kwa njiti ya kiberiti hakusikia kitu, lakini kwenye ukingo wake wa juu, ngozi ya kwapani, pamba tu ilimfanya aruke na kuuma midomo. Alisema panachoma kama pilipili iliyosuguliwa kwenye mchubuko, na usiku hupita kitu mfano wa umeme kutoka kwenye kovu hadi mkononi. Basi mahali pamoja palikuwa pamekufa na wakati huohuo panaungua, jambo ambalo kwa mtu asiyelijua linaonekana haliwezekani, na ndilo lililomfanya aogope kwamba watu wangemwona mwongo. Yeye alichukua futi yake ya fundi, akapima lile jani: sentimita 17 kwa urefu na 8 mahali penye upana zaidi. Akaandika vipimo hivyo kwenye daftari la oda za wateja, chini ya vipimo vya sketi ya mtu.

Jani hilo lina mwenyewe. Ni eneo la neva moja inayoitwa intakostobrakia, ambayo huchomoza kutoka kifuani kati ya ubavu wa pili na wa tatu, ikapita ndani ya mafuta na tezi za kwapa, kisha ikashuka chini ya ngozi ya upande wa ndani wa mkono. Haimsaidii mtu kuinua chochote wala kukunja kidole. Kazi yake ni kuhisi tu. Kwa bahati mbaya, imepita katikati ya kile hasa ambacho daktari wa upasuaji anatakiwa kukitoa anaposafisha kwapa, na hivyo hukatwa, au huvutwa kwa chuma cha kushikilia jeraha wazi, au, daktari akiwa na muda na akiwa ameamua hivyo, huchambuliwa kutoka kwenye mafuta na kuachwa nzima. Kwa miaka mingi madaktari wamefundishwa kwamba kuikata ni hasara ndogo kwa sababu haina msuli inaoutumikia. Mimi nadhani aliyeiita hasara ndogo hakuwahi kuvaa blauzi yenye mshono wa kwapani juu ya ngozi ya namna ile.

Neva iliyokatwa au iliyojeruhiwa haifi ikatulia. Ncha yake hujaribu kuota upya, huvimba, na hutuma ishara hata pasipo na kitu kinachoigusa. Nao ugwe wa mgongo, unaopokea ishara hizo siku baada ya siku, huongeza usikivu wake mpaka mguso wa pamba ukasomwa kama moto. Kwa hiyo ganzi na maumivu havipingani. Vyote viwili ni habari ya neva ileile: ngozi imepoteza mjumbe wake wa kweli, na badala yake inapokea kelele za mjumbe aliyejeruhiwa.

Jambo hili si geni wala si la Bukavu peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha majibu ya wanawake 3,253 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi miaka miwili hadi mitatu kabla yake. Asilimia 47 walikuwa bado na maumivu, na katika hao wenye maumivu, mmoja kati ya wanane hivi alisema ni makali. Zaidi ya nusu ya wote walikuwa na ganzi au hisia zisizo za kawaida katika eneo hilo. Waliokuwa na hatari zaidi ni wanawake wenye umri mdogo, waliosafishwa kwapa lote badala ya kutolewa tezi chache, na waliopata mionzi. Mama mdogo alikuwa hajafika miaka 45, kwapa lilisafishwa lote, na baada ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, alivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda akakaa Kigali wiki tano kwa ajili ya mionzi. Shirika la Afya Duniani limeyapa maumivu haya nafasi yake katika orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022: maumivu sugu baada ya upasuaji, yanayodumu zaidi ya miezi mitatu. Ni ugonjwa wenye jina na namba, na mtu anayeusema hahitaji kushukiwa.

Sasa niieleze ile sindano yenyewe, kwa sababu ninaipenda na sitaki mtu aondoke hapa akiiogopa.

Titi na ngozi ya kifua hupata hisia zake hasa kutoka kwenye neva za mbavu, ya pili hadi ya sita, ambazo zote hutoka kwenye uti wa mgongo na kuzunguka kuja mbele kama mikanda. Ukizikuta mahali zinapotoka, pembeni mwa pingili, unaweza kuzinyamazisha kabla kisu hakijagusa ngozi. Njia hiyo inaitwa paravatebra. Mjerumani Hugo Sellheim aliieleza mwaka 1905, ikasahaulika kwa miongo mingi, na madaktari wawili, Eason na Wyatt, wakaifufua mwaka 1979. Nilimketisha mama mdogo kwenye meza ya bloku, yaani chumba cha upasuaji, miguu ikining'inia, amekumbatia mto na kuinamisha kichwa kama mtu anayeombewa. Nilihesabu pingili kwa kidole kuanzia ile inayojitokeza shingoni, nikaweka alama sentimita mbili na nusu kutoka katikati, nikamchoma kwanza dawa kidogo ya ganzi, lidokaini, kwenye ngozi, kisha nikaingiza sindano ndefu mpaka ikagonga mfupa, nikaitelezesha chini ya mfupa huo kwa sentimita moja tu. Hiyo sentimita moja ndiyo kazi yote. Ukizidisha, unaweza kufika kwenye utando wa pafu na kuruhusu hewa iingie mahali isipotakiwa. Hutokea mara chache, lakini aliyewahi kuiona haisahau.

Siku hizi zipo njia nyingine ambazo ni rahisi zaidi kwa mwenye mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Kuanzia mwaka 2011 daktari Blanco alieleza namna ya kumwaga dawa kati ya misuli ya kifua, na baadaye juu ya msuli unaoambaa kwenye mbavu chini ya kwapa. Mwaka 2016 Forero na wenzake wakaeleza sindano inayowekwa chini ya misuli minene ya mgongo, mbali na pafu, na jambo linalonigusa ni kwamba waliianza kwa wagonjwa waliokuwa tayari na maumivu sugu ya neva za kifua. Ninapofanya kazi tunayo mashine moja ya ekografi, nayo ni ya wodi ya wazazi, kwa hiyo asubuhi ya upasuaji huwa tunaiomba kama jirani anavyoomba moto.

Faida ya sindano hizi kwa saa 24 za kwanza haina ubishi. Mgonjwa huamka na maumivu machache, huhitaji mofini kidogo au asiihitaji kabisa, hutapika kidogo, hulala. Katika mji ambapo mofini haipatikani kila siku, na ambapo usiku wa kwanza baada ya upasuaji mlinzi wa mgonjwa hukaa macho akipepea kwa kipande cha katoni, hiyo si faida ya kupuuzwa. Mama mdogo aliamka saa nane mchana akaomba chai. Usiku alilala mpaka alfajiri, na dada yake, yaani mama yangu, alinipigia simu saa kumi na moja akilia kwa furaha kwa sababu alikuwa amejiandaa kusikia mayowe.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeahidi zaidi ya hapo. Nilimwambia kwamba ganzi hiyo ingemkinga hata na maumivu ya baadaye. Sikulibuni, nilikuwa nimelisoma na kulisikia kwenye mafunzo, na lilikuwa na sababu zake. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba jeraha lililo mbali na ugwe wa mgongo hubadilisha utendaji wa ugwe wenyewe, na kutokana na hapo lilikua wazo zuri sana: ukizuia ishara za maumivu zisifike kwenye ugwe wakati wa kukatwa, ugwe hautajifunza maumivu, na usichojifunza hautakirudia. Tafiti ndogondogo zilionekana kulithibitisha. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliunganisha tafiti 18 za upasuaji wa saratani ya titi, zenye jumla ya wagonjwa karibu 1,300, na hesabu ilionyesha kwamba kwa kila wanawake saba waliopewa ganzi ya neva, mmoja aliepushwa na maumivu ya muda mrefu. Waandishi wenyewe walionya kwamba ushahidi huo ni dhaifu. Mimi nilishika ile namba saba na kuliacha lile onyo.

Kisha mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa kuliko yote iliyotangulia: wanawake 2,132 katika hospitali 13 za nchi nane, waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa ganzi ya neva pamoja na usingizi wa propofoli, dawa inayopitishwa mshipani, wengine usingizi wa kawaida wa gesi na dawa za jamii ya mofini. Swali kuu lilikuwa kama ganzi inazuia saratani kurudi, na jibu lilikuwa hapana. Katika makundi yote mawili ilirudi kwa mwanamke mmoja kati ya kumi. Lakini waliuliza pia kuhusu maumivu. Baada ya miezi sita asilimia 52 walikuwa na maumivu kwenye jeraha, na kiwango kilikuwa kilekile kwa waliopata ganzi na kwa wasioipata. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa asilimia 28 upande mmoja na 27 upande wa pili. Maumivu ya aina ya neva nayo hayakutofautiana.

Utafiti huo ulichapishwa miaka minne kabla sijamwinamisha mama mdogo pale mezani. Niliusoma baada ya Jumapili ile ya sombe, usiku, kwenye simu, nikirudi nyuma mara tatu kuhakikisha kwamba ndivyo ulivyosema.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba utafiti ule haukupima kila aina ya sindano, na kwamba zile zinazofika kwapani huenda zikawa na matokeo mengine. Tafiti zinaendelea. Hata hivyo, nikitafakari neva ile ya kwapa, naona sababu ya kutotarajia miujiza. Ganzi inanyamazisha ishara kwa nusu siku au siku moja. Neva iliyokatwa inabaki imekatwa keshokutwa, mwezi ujao, na wakati wa mionzi ambayo hukausha na kukaza tishu inazozipitia. Ni sawa na kuziba masikio ya mtoto wakati nyumba inapobomolewa: hatasikia kishindo, lakini jioni hana pa kulala. Kinachoonekana kuwa na uzito zaidi ni yale yanayotendwa kwapani kwenyewe. Mwanamke anayewahi hospitali kivimbe kikiwa kidogo anaweza kutolewa tezi moja au mbili za mwanzo zinazopokea maji ya titi, zikapimwa, na zikiwa safi kwapa likaachwa. Na hilo hupunguza sana majeraha ya neva. Wanawake wetu wengi hufika wakati tezi tayari zinashikika kwa mkono, na hapo daktari hana hiari.

Lipo jambo linaloniuma zaidi kuliko namba. Miezi mitatu baada ya upasuaji, mama mdogo alirudi kwa uchunguzi. Alipanga foleni tangu saa moja asubuhi, akaingia saa sita, na daktari, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine arobaini nje, alifunua bandeji iliyokuwa haihitajiki tena, akatazama kovu, akasema, "Kidonda kimepona vizuri sana." Ilikuwa kweli. Mama mdogo alijibu, "Ndiyo, daktari, asante," akafunga kikwembe chake akatoka. Hakuna aliyemuuliza kama mkono unauma, kama analala, kama anaweza kuvaa sidiria, kama anaweza kushona. Simlaumu daktari yule peke yake. Na mimi nilikuwa kwenye jengo hilohilo, hatua hamsini kutoka pale, na sikwenda kumuuliza, kwa sababu katika akili yangu kazi yangu iliisha alipoamka akaomba chai.

Huko nyumbani ukimya una majirani wake. Mmoja alimwambia kwamba maumivu yasiyoonekana hutumwa na mtu, akamtajia jina la mtu. Mwingine alimwambia kwamba saratani imerudi na inatembea ndani kwa ndani. La pili ndilo lililomkosesha usingizi, na sikulipuuza, wala wewe usilipuuze: maumivu mapya, au yanayobadilika, au yanayoambatana na kivimbe, uvimbe wa mkono au kukonda, ni lazima yachunguzwe kabla ya kuitwa maumivu ya neva. Alichunguzwa na daktari wa upasuaji, akapigwa ekografi ya ukuta wa kifua na picha ya mapafu. Hakukuwa na dalili ya saratani. Siku hiyo alikula bukari na sambaza mpaka akacheka.

Matibabu aliyoanzishwa hayakuwa ya ajabu. Alikuwa akimeza parasetamoli, na tramadoli aliyouziwa bila karatasi ya daktari, vyote bila faida kubwa. Daktari alimwandikia amitriptilini, miligramu 10 usiku, ikapandishwa hadi 25 baada ya wiki mbili. Ni dawa ya zamani ya huzuni ambayo kwa dozi ndogo hutuliza neva. Hukausha mdomo, humfanya mtu aamke mzito, na mwenye matatizo ya moyo lazima achunguzwe kwanza. Wiki ya kwanza alitaka kuiacha. Wiki ya tatu alilala usiku mzima bila kuamshwa na ule umeme. Kwa wengine hutumika gabapentini au dawa nyingine. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, amwambie daktari kila dawa anayopewa, kwa kuwa baadhi ya dawa za huzuni hupunguza kazi yake.

Nusu nyingine ya matibabu aliivumbua yeye, ingawa mtaalamu wa viungo tuliyemwona baadaye alituambia kwamba ndivyo wanavyofundishwa. Alianza kupandisha vidole ukutani kila asubuhi, na kuizoesha ngozi ya kwapa miguso mbalimbali. Fundi wa kushona hakosi miguso. Alipanga vipande vya vitambaa kwenye kopo la maziwa kuanzia laini hadi kikali: satini, pamba iliyofuliwa mara nyingi, kitenge kikuukuu, kitenge kipya chenye wanga, na mwisho kabisa jinzi. Kila asubuhi na jioni alijipangusa kwa dakika tano kwa kitambaa anachoweza kukivumilia, na hakusogea kwenye kinachofuata mpaka kile cha kwanza kiache kuchoma. Kitenge kipya kilimchukua wiki sita. Pia aligeuza meza ya mashine ili gurudumu lisimlazimishe kuinua kiwiko, na wateja wakazoea kumkuta ameketi upande wa pili.

Nami nilibadilisha maneno yangu. Jioni ya kuamkia upasuaji sasa nakaa kitandani pa mgonjwa, si kusimama, na namwambia mambo mawili tofauti kwa majina mawili tofauti. Kwanza, kuhusu dawa ya kuzima maumivu nitakayomchoma: itafanya kazi kesho mchana na usiku wake, keshokutwa itakuwa imeisha yote, na inaweza kumfanya asikie mlio masikioni, ladha ya chuma au midomo kufa ganzi, na akisikia hivyo aniambie papo hapo, kwa sababu hizo ni dalili kwamba dawa imeingia kwenye damu kwa wingi. Kwa ajili hiyo chupa ya mafuta ya kutundikwa ya asilimia 20 huwa karibu nami, na kusipokuwa na chupa hiyo mimi hujiuliza mara mbili. Pili, kuhusu neva ya kwapa: inaweza kuumia katika kuiondoa saratani, na ikiumia, upande wa ndani wa mkono unaweza kufa ganzi au kuchoma kwa miezi au zaidi, hiyo haitakuwa dawa yangu iliyobaki, haitakuwa adhabu, na mara nyingi si saratani iliyorudi, ila aje atuambie. Sisemi tena kwamba sindano itamkinga na hilo. Baadhi ya wenzangu waliona kwamba ninawatisha wagonjwa. Mpaka leo hakuna aliyekataa upasuaji kwa sababu ya maneno hayo, na wawili wamerudi wenyewe, mwezi wa nne baada ya upasuaji, wakaniambia, "Ile uliyoisema imekuja."

Nina daftari langu sasa. Kila mwanamke niliyemchoma, nampigia simu baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita, na namuuliza maswali manne ambayo huchukua dakika tano: unaumwa wapi, unalalaje, unavaa nini, unashindwa kazi gani. Swali la tatu ndilo linalofungua midomo. Mmoja alinijibu kwamba tangu upasuaji anavaa mashati ya mumewe aliyefariki, kwa sababu ndiyo pekee yaliyofuliwa yakalainika vya kutosha.

Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu, maduka mengi ya dawa yalifunga milango, na mama mdogo alikuwa amebakiwa na vidonge sita. Alivikata nusu kwa wembe wake wa kufumua mishono, akavitumia kwa siku kumi na mbili. Tulipoweza kupita tena barabarani nilimpelekea vingine, nikamkuta kibandani, mlango umefunguliwa kidogo tu, anapunguza koti la mtu kwa mkono. Alisema zile siku za nusu kidonge umeme ulirudi usiku lakini si kama zamani. Kisha akatoa kalamu kwenye mtungi wa mikasi, akanyoosha mkono juu ya meza ya kukatia na kuniambia nichore tena. Pamba hatukuwa nayo, nikatumia uzi. Jani lilikuwa bado lipo, na ndani yake pamekufa kama kwanza, ila ncha ya chini ilikuwa imepanda, na ule ukingo wa kwapani ulivumilia uzi bila yeye kuruka. Akapima kwa futi, akasoma kwa sauti: 13 kwa 7. Akafungua daftari la oda, akatafuta ukurasa wa mwezi wa Agosti, akaandika namba mpya pembeni ya zile za zamani, akapiga mstari kama afanyavyo mteja anapokonda na nguo inahitaji kupunguzwa.